Mafuta ya Mwili si Ghala Lililofungwa: Historia Fupi ya Atomu Zenye Alama



Kila jarida letu linapotoka tunasoma habari za michezo, za wenzetu waliopata vyeo, na za walimu wetu waliotangulia mbele ya haki. Ni habari njema na zisiachwe. Safari hii naomba nafasi nieleze habari ya namna nyingine, yaani historia ya swali moja la sayansi na ya watu waliolijibu. Swali lenyewe ni jepesi kuuliza: mafuta tunayokula huenda wapi? Jibu lake lilitafutwa kwa zaidi ya nusu karne, na lilipopatikana liligeuza fikra za wataalamu juu ya mwili mzima wa binadamu. Wapo baina yetu wazee ambao kidonge wanachomeza kila usiku ni tunda la swali hilo.

Mfano wa magunia

Tuanze na mfano. Chukua duka la nafaka lenye magunia mia moja ya mahindi. Mpita njia anayahesabu asubuhi, anakuta mia. Anarudi jioni, anakuta mia. Atasema leo hapakuwa na biashara. Kumbe mchana magunia thelathini yameuzwa, na lori limeleta mengine thelathini. Hesabu yake haikuwa na kosa, lakini haikumwambia yaliyopita. Ili ajue ukweli ingempasa atie alama ya rangi kwenye magunia machache, kisha aangalie yanatoka lini na yanakwenda wapi.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930, wataalamu wengi wa kemia ya viumbe walikuwa katika hali ya yule mpita njia. Walipima chakula kinachoingia mwilini, wakapima mkojo, choo na pumzi inayotoka. Kwa mtu mzima ambaye uzito wake haubadiliki, hesabu mbili hizo zililingana. Kwa hiyo wakaufananisha mwili na injini ya gari. Chakula ni petroli, kinaingia na kuungua. Nyama, mifupa na mafuta ya mwili ni chuma cha injini, kinakaa pale pale na kuchakaa polepole. Mafuta yaliyo chini ya ngozi na tumboni yalihesabiwa kuwa ghala lililofungwa, ambalo halifunguliwi ila siku ya njaa.

Fikra hiyo ilikuwa na mantiki, na walioishika hawakuwa wajinga. Walikosa tu rangi ya kupaka magunia.

Knoop na mbwa wake

Wa kwanza kufaulu kutia alama kwenye mafuta alikuwa Mjerumani Franz Knoop, aliyefanya kazi yake katika mji wa Freiburg na kuitangaza mwaka 1904.

Vijana wa kemia wanajua kwamba asidi ya mafuta ni mnyororo wa atomu za kaboni, wenye haidrojeni pembeni na kichwa cha asidi upande mmoja. Nyingi zina kaboni kwa hesabu ya shufwa: asidi ya palmitiki ina kaboni 16, asidi ya steariki ina 18. Knoop alichukua minyororo ya namna hiyo akaifunga mkiani pete ya kaboni sita ambayo mwili wa mbwa hauwezi kuiunguza. Akawalisha mbwa, kisha akachunguza mkojo wao ili aone pete imetoka na nini.

Matokeo yalikuwa safi. Mnyororo ulipokuwa na kaboni za shufwa, pete ilitoka ikiwa imebakiwa na kaboni mbili. Ulipokuwa na kaboni za witiri, pete ilitoka na kaboni moja tu. Maana yake ni kwamba mwili haukati mnyororo ovyo, bali huukata kaboni mbili mbili kuanzia kwenye kichwa cha asidi, kama mtu anayekata muwa pingili mbili mbili. Kanuni hiyo imesimama hadi leo.

Lakini alama ya Knoop ilikuwa na kasoro moja. Pete ile ni kitu kigeni kwa mwili. Ukimfunga mbuzi ngoma shingoni ili umfuate machungani, utamwona, ndiyo, ila hatakwenda kama mbuzi wenzake. Ilitakiwa alama ambayo mwili wenyewe hauitambui.

Hevesy na mapacha wa atomu

Alama hiyo ilitokana na kazi iliyoshindikana. Mwaka 1911 kijana wa Kihungari, George de Hevesy, alikuwa Manchester, Uingereza, katika maabara ya Ernest Rutherford. Palikuwa na shehena ya madini ya risasi yaliyochanganyika na kitu chenye mionzi kilichoitwa rediamu D. Rutherford akamtaka Hevesy avitenganishe. Hevesy akajaribu kila njia ya kemia aliyoijua, asiweze. Sasa tunajua sababu: rediamu D ni risasi yenyewe, ila atomu zake zina uzito tofauti na hutoa mionzi. Atomu za namna hiyo, ambazo ni za elementi moja lakini zinatofautiana uzito, huitwa isotopu. Ni kama mapacha wanaofanana sura na tabia, na mizani peke yake ndiyo inayowatofautisha.

Hevesy akaligeuza jambo hilo. Ikiwa haiwezekani kuwatenganisha mapacha hawa kwa kemia, basi popote risasi ya kawaida itakapokwenda, risasi yenye mionzi itafuatana nayo, na mionzi itatuambia iko wapi. Mwaka 1913, pamoja na Fritz Paneth huko Vienna, alianza kuitumia risasi hiyo kama alama. Mwenyewe alikuwa akisimulia kisa cha nyumba aliyopanga Manchester. Alishuku kwamba mabaki ya chakula cha Jumapili yanarudishwa mezani siku zinazofuata, na mama mwenye nyumba akawa anakana. Siku moja Hevesy akatia chembe ya kitu chenye mionzi kwenye mabaki ya sahani yake. Siku chache baadaye akaleta kifaa chake mezani, na chakula kilichopikwa kikatoa ushahidi.

Mwaka 1923 aliifuata risasi ndani ya mimea ya maharage, na mwaka 1935, akiwa Copenhagen, aliwapa panya fosforasi yenye mionzi. Akaona kwamba hata mfupa, tuliodhani ni jiwe, hupokea fosforasi mpya na kuachia ya zamani. Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1943.

Schoenheimer anafungua ghala

Mafuta hayana risasi. Yameundwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni. Kwa hiyo kazi yetu ilisubiri hadi Mmarekani Harold Urey wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alipogundua haidrojeni nzito mwishoni mwa mwaka 1931. Haidrojeni hiyo, iitwayo deuteriamu, ina uzito maradufu ya ile ya kawaida. Haitoi mionzi, ila hujulikana kwa uzito wake.

Wakati huo huo, daktari kijana mzaliwa wa Berlin, Rudolf Schoenheimer, alikuwa akichunguza kolesteroli huko Freiburg. Mwaka 1933 Wanazi walishika serikali na kutunga sheria za kuwafukuza Wayahudi kazini. Schoenheimer, ambaye alikuwa Myahudi, akahamia New York, katika idara ya Hans Clarke hapo hapo Columbia, na akakutana na David Rittenberg, kijana aliyefundishwa na Urey. Mmoja alijua maswali ya mwili, mwingine alijua haidrojeni nzito. Mwaka 1935 walitoa matokeo yao ya kwanza.

Walichukua mafuta ya mbegu za kitani, wakayaongezea haidrojeni nzito mahali penye nafasi katika minyororo yake. Wakawalisha panya wadogo, tena kwa kiasi kidogo sana, hata panya wakapungua uzito. Kwa fikra ya injini na petroli, panya mwenye njaa hana sababu ya kuweka akiba, na mafuta yale machache yangeungua mara moja. Baada ya siku chache panya walichinjwa, mafuta ya miili yao yakatolewa na kuunguzwa, na maji yaliyotokana na kuungua huko yakapimwa uzito. Sehemu kubwa ya alama ilikutwa ndani ya ghala. Mafuta mapya yalikuwa yameingia akibani, na yaliyoungua yalikuwa ya zamani yaliyotoka humo humo.

Wakaendelea. Waliwanywesha panya maji mazito, yaani maji yenye haidrojeni nzito, wakaona kwamba katika siku chache tu sehemu kubwa ya mafuta ya panya yalikuwa mapya, yaliyotengenezwa na mwili wenyewe. Waliwapa asidi moja ya mafuta wakaikuta alama katika nyingine: yenye kaboni 18 ilirefushwa kutoka ya 16, au ilikatwa ikawa ya 16. Ila asidi ya linoleiki haikupokea alama. Mwili wa panya haukuwa ukiitengeneza. Jambo hilo liliafikiana na kazi ya George na Mildred Burr wa Minnesota, ambao mwaka 1929 walionyesha kwamba panya wasiopata mafuta kabisa katika chakula huugua. Ndiyo maana walimu wa lishe wanasema yapo mafuta ambayo hatuna budi kuyapata katika chakula.

Baadaye Schoenheimer na wenzake walitumia nitrojeni nzito kufuata protini, na mambo yakawa yale yale. Hesabu ya magunia ilikuwa ile ile asubuhi na jioni, lakini magunia yenyewe yalikuwa yakibadilika mchana kutwa. Mwili si injini ya chuma. Unabomolewa na kujengwa kila saa, na kinachodumu ni umbo lake.

Schoenheimer hakuishi kuona heshima aliyopewa. Mwezi Septemba mwaka 1941 alijitoa uhai, akiwa na umri wa miaka 43. Mihadhara aliyokuwa ameiandaa kwa Chuo Kikuu cha Harvard ilisomwa na Hans Clarke kwa niaba yake, ikachapwa kitabu mwaka 1942.

Kaboni yenye mionzi

Haidrojeni nzito ilikuwa alama nzuri, lakini kuipima kulikuwa kazi ya subira, na haidrojeni mara nyingine huhama kutoka molekuli moja hadi nyingine. Mifupa ya mnyororo wa mafuta ni kaboni. Wataalamu walitamani kaboni yenye alama, tena alama inayopiga kelele yenyewe.

Waliipata Berkeley, California, mwezi Februari mwaka 1940. Martin Kamen na Samuel Ruben walipiga grafati kwa chembe zilizokimbizwa kwa kasi na mashine ya saiklotroni, wakapata kaboni 14. Atomu zake zina protoni sita kama kaboni yoyote, lakini zina nyutroni nane badala ya sita. Nusu yake huisha katika miaka 5,730 hivi, kwa hiyo haiharibiki mikononi mwa mtafiti, na mionzi yake ni dhaifu kiasi cha kuzuiwa na kioo cha chupa.

Ruben alifariki mwaka 1943, hajatimiza miaka 30, kwa ajali ya gesi ya sumu katika maabara. Kamen alifukuzwa kazi mwaka 1944 kwa tuhuma za kutokuwa mwaminifu kwa nchi yake, akahangaika miaka mingi hadi jina lake liliposafishwa. Mwaka 1995 serikali hiyo hiyo ya Marekani ilimtunukia Tuzo ya Enrico Fermi.

Tangu mwaka 1946 kaboni 14 ilitengenezwa kwa wingi katika tanuri la atomu la Oak Ridge, Tennessee, ikauzwa kwa hospitali na vyuo. Hapo ndipo kazi ya mafuta ilipopamba moto. Nieleze kwa ufupi jinsi ifanywavyo, maana wanafunzi hupenda kujua mikono inafanya nini. Panya hupewa asidi ya mafuta yenye kaboni 14, kisha huwekwa katika chupa kubwa. Hewa anayoitoa hupitishwa katika maji ya magadi makali, ambayo hunasa kaboni dioksaidi, na mionzi iliyonaswa huonyesha ni kiasi gani cha mafuta kimeungua. Ini lake husagwa, na mafuta hutolewa kwa klorofomu na methanoli. Mchanganyiko hutengwa kwenye karatasi au kwenye bamba jembamba, kama ninyi mnavyotenga rangi za wino, na filamu ya eksirei ikilazwa juu yake huweka madoa meusi mahali penye alama. Kila doa hukatwa na kutiwa katika maji maalumu yanayotoa cheche ya nuru kwa kila atomu inayovunjika, na mashine huhesabu cheche hizo.

Kwa njia hiyo, mwaka 1958 Donald Fredrickson na Robert Gordon wa Bethesda, Marekani, walifuata asidi za mafuta katika damu ya watu wazima wenye afya. Waliona kwamba nusu ya alama hutoweka katika damu kwa dakika chache tu. Hivyo hata mtu aliyelala usingizi, mafuta yanasafiri ndani yake kutoka akibani hadi kwenye misuli na ini, bila kusimama.

Kolesteroli na papa wa Bermuda

Katika kundi la Schoenheimer alikuwamo mkimbizi mwingine, Konrad Bloch, mzaliwa wa Silesia, aliyeondoka Ujerumani mwaka 1934. Schoenheimer alipofariki, vijana wake waligawana kazi. Bloch aliandika baadaye kwamba hakumbuki waligawana vipi, labda kwa kura. Yeye aliangukiwa na mafuta, na wakati huo hakuyaona kuwa jambo la kusisimua.

Mwaka 1942, yeye na Rittenberg walionyesha kwamba panya akipewa asetati yenye alama, yaani chumvi ya asidi iliyomo katika siki, alama huonekana katika kolesteroli yake. Lilikuwa jambo la ajabu. Asetati ina kaboni mbili tu. Kolesteroli ina kaboni 27, zimesukwa katika pete nne na mkia. Nyumba kubwa namna hiyo imejengwa kwa tofali dogo la namna moja!

Ilibaki kujua tofali lipi limekaa wapi. Bloch, aliyehamia Chicago mwaka 1946, alitumia asetati iliyotiwa alama kwenye kaboni ya kwanza, na nyingine iliyotiwa kwenye kaboni ya pili. John Cornforth na George Popják huko London walifanya kazi hiyo hiyo kwa njia yao. Cornforth alikuwa kiziwi kabisa tangu ujanani, na hilo halikumzuia kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1975. Waliibomoa kolesteroli kaboni moja baada ya nyingine, wakipima mionzi ya kila moja. Katika kaboni zote 27, kumi na tano zilitoka upande mmoja wa asetati na kumi na mbili upande wa pili.

Hapo kati ilitakiwa daraja, na wengi walishuku kitu kiitwacho skwaleni, kilichogunduliwa na Mjapani Mitsumaru Tsujimoto mwaka 1906 katika mafuta ya ini la papa. Wenzetu wa pwani hawahitaji kuelezwa habari za ini la papa. Mafuta yake ndiyo sifa, inayopakwa majahazi ili mbao zisioze. Bloch akafunga safari hadi kisiwa cha Bermuda ili apate papa wadogo, awape asetati yenye alama na kuona kama wataigeuza kuwa skwaleni. Alirudi na somo moja: papa wa kiasi hicho ni vigumu kuwakamata, na ini lao limejaa mafuta hata halikatiki vipande vyembamba. Akarudi kwa panya wa Chicago, na pamoja na Robert Langdon akafaulu. Alama ilitoka katika asetati ikaingia katika skwaleni, na kutoka skwaleni ikaingia katika kolesteroli.

Huko Munich, Feodor Lynen alikuwa amegundua mwaka 1951, kwa kutumia hamira, umbo halisi ambalo asetati huvaa mwilini kabla ya kuanza kazi. Hizo ndizo kaboni mbili mbili za Knoop, zilizokatwa katika mafuta. Mwaka 1964 Bloch na Lynen walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja.

Kutoka maabara hadi kidonge

Njia hiyo ilipojulikana hatua kwa hatua, ilionekana kwamba kimeng'enya kimoja kinafanya kazi ya bawabu: kikifanya kazi polepole, kolesteroli inayotengenezwa hupungua. Mjapani Akira Endo, wa kampuni ya Sankyo mjini Tokyo, alijiuliza kama kuvu hawana kitu cha kumzuia bawabu huyo. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, yeye na wenzake walijaribu vijidudu na kuvu wapatao 6,000. Kipimo chao kilikuwa ile ile asetati yenye kaboni 14. Waliichanganya na majimaji ya ini la panya na supu ya kuvu, wakahesabu mionzi iliyoingia katika kolesteroli. Supu inayopunguza hesabu ndiyo iliyotafutwa. Mwaka 1973 waliipata, katika kuvu aliyetoka kwenye mchele wa duka moja la nafaka mjini Kyoto.

Wakati huo huo, huko Dallas, Michael Brown na Joseph Goldstein walitia iodini yenye mionzi kwenye chembe zinazobeba kolesteroli katika damu. Wakagundua mlango ambao seli hupokelea chembe hizo, na wakaona kwamba katika familia fulani zenye maradhi ya moyo ya kurithi mlango huo haupo au ni mbovu. Walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Dawa ya kwanza ya jamii hiyo, lovastatini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1987. Endo alifariki mwaka 2024. Basi mzee mwenzangu ukimeza statini uliyoandikiwa na daktari wako, ujue nyuma yake wamo mbwa wa Knoop, panya wa Schoenheimer na kuvu wa duka la mchele.

Upande wa pili wa sarafu

Haifai nisifu tu. Alama hizi zilipata kutumiwa vibaya. Katika miaka ya 1940 na 1950, wavulana waliokuwa wakilelewa katika shule ya Fernald, Massachusetts, walilishwa uji wenye chuma na kalisiamu zenye mionzi. Waliambiwa wamejiunga na klabu ya sayansi. Wao na wazazi wao hawakuelezwa habari za mionzi. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini haki yao ya kujua ilivunjwa. Mwaka 1995 Rais Bill Clinton aliomba radhi kwa niaba ya serikali kwa majaribio ya mionzi waliyofanyiwa raia bila idhini yao. Siku hizi majaribio kwa binadamu hayana budi kupita mbele ya kamati ya maadili, na kazi nyingi za mafuta kwa watu hutumia kaboni 13 na haidrojeni nzito, zisizotoa mionzi. Vijana mtakaokuwa watafiti, msisahau watoto wale.

Sisi sote tumetiwa alama

Namalizia na jambo linalotuhusu wote. Majaribio ya mabomu ya atomu angani yaliongeza sana kaboni 14 duniani, mpaka Marekani, Urusi ya Kisovieti na Uingereza zilipotia sahihi mkataba wa kuyazuia mwaka 1963. Upepo uliisambaza kaboni hiyo dunia nzima. Iliingia katika mahindi, maharage na maziwa. Mzee uliyekuwa Kidato cha Pili mwaka 1964, ugali wa bweni ulikuwa nayo, nawe ukaila. Tangu hapo imekuwa ikipungua angani mwaka hadi mwaka, kwa hiyo kiasi chake ndani ya kitu husema kitu hicho kiliumbwa lini.

Mwaka 2008 Kirsty Spalding na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walitumia alama hiyo kupima umri wa seli za mafuta za binadamu. Waliona kwamba kila mwaka kama asilimia 10 ya seli hizo hufa na kuzaliwa nyingine. Hesabu yake kwa mtu mzima haibadiliki, hata akikonda. Seli hupungua ukubwa, si idadi. Mwaka 2011 kundi hilo lilionyesha kwamba mafuta yenyewe hukaa ndani ya seli wastani wa mwaka 1.6 tu, na kwa watu wanene sana hukaa muda mrefu zaidi. Kwa panya wa Schoenheimer zilikuwa siku. Kwetu ni miezi kumi na tisa hivi. Ghala la binadamu nalo halikufungwa kamwe.

Vijana, Knoop hakuwa na mionzi, na Schoenheimer hakuwa na kompyuta. Walikuwa na mizani nzuri, subira, na swali lililoulizwa vizuri. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Na sisi wazee, tunapokutana na kuchangishana kwa ajili ya shule, tusiishie kwenye rangi za ukuta na nyasi za uwanja. Tukumbuke maabara: mizani, klorofomu, karatasi za kutengea wino. Pengine yumo darasani sasa mtoto ambaye naye atatia alama kwenye gunia lake, alifuate hadi mwisho.